Uso Mmoja, Asili Mbili: Kuielewa Riwaya ya The Vanishing Half

Mama mmoja, baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa, na sura ambazo hata majirani huzichanganya. Mmoja anahesabiwa mweusi maisha yake yote. Mwingine anaolewa kama mzungu, anazaa kama mzungu na kuzeeka kama mzungu. Hicho ndicho kitendawili kilichobeba The Vanishing Half, riwaya ya Mmarekani mweusi Brit Bennett iliyotoka mwaka 2020. Wasomaji wengi huifunga wakiwa bado wanabishana juu ya Stella, yule pacha aliyevuka kwenda upande wa wazungu: alikuwa na roho mbaya, au naye alidhulumiwa? Ubishi huo una haki yake, ila naona unakuja mapema mno. Kwanza tujiulize iliwezekanaje. Ilikuwa nchi ya namna gani hata mtu akaweza kubadili asili bila kubadili unywele mmoja, na kwa nini malipo yake yalikuwa ndugu zake wa damu?

Nitataja mambo ya ndani ya kitabu, hivyo anayetaka kukisoma akiwa hajui lolote aanze na kitabu.

Desiree na Stella Vignes wamezaliwa Mallard, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Louisiana. Mji huo, kwa mujibu wa riwaya, ulianzishwa mwaka 1848 na Alphonse Decuir, chotara aliyerithi mashamba ya miwa ya baba yake mzungu, baba yuleyule aliyewahi kummiliki kama mtumwa. Decuir aliwataka watu wa aina yake: wale ambao sheria iliwaita weusi lakini ngozi zao zilikaribia za wazungu. Alitaka kila kizazi kiwe cheupe kuliko kilichokitangulia. Mwaka 1954, wakiwa na miaka 16, pacha hao wanatoroka kwenda New Orleans, na haupiti muda mrefu Stella naye anamtoroka nduguye bila kumuaga. Mwaka 1968 Desiree anarudi nyumbani akimkimbia mume anayempiga. Amemshika mkono binti yake Jude, mtoto mweusi tii, na mji mzima unatoka kumtazama. Wakati huo Stella yuko Los Angeles, katika mtaa wa matajiri wa Brentwood, mke wa mzungu aitwaye Blake Sanders na mama wa Kennedy, msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Mumewe anamjua kama mzungu asiye na jamaa hata mmoja aliye hai.

Hapo ndipo panapohitaji kufunguliwa, kwa sababu vitu viwili tofauti huzungumzwa kana kwamba ni kimoja. Marekani ilimpima mtu kwa njia mbili. Njia ya kwanza iliuliza wewe ni wa ukoo gani. Babu au bibi mmoja mweusi alitosha, hata kama wewe mwenyewe ni mweupe kama karatasi. Njia ya pili iliutazama mwili: ngozi ni nyeusi kiasi gani, nywele ni za namna gani, pua imekaaje. Ya kwanza iliandikwa katika sheria na ikasimamiwa na makarani wa serikali. Ya pili haikuhitaji karani. Iliishi kwa waajiri, makanisani, katika uchumba, na mezani watu wakila, na waliokuwa wakiitumia ni pamoja na watu weusi wenyewe wakipimana wao kwa wao. Stella na Desiree wametenganishwa na njia ya kwanza. Desiree na binti yake wametenganishwa na ya pili. Ukilishika hilo, riwaya nzima inafunguka.

Njia ya kwanza ina historia ndefu, na inaanzia chumbani. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, baba awe nani. Sheria hiyo iligeuza desturi ya Waingereza, ambao kwao mtoto alifuata upande wa baba, na sababu yake si ngumu kuiona: mabwana walikuwa wakizaa na wanawake waliowamiliki, na sheria ikahakikisha watoto hao hawawi warithi, wanakuwa mali. Baada ya vizazi vitatu au vinne vya namna hiyo, mashambani walikuwako watumwa wenye macho ya bluu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Sally Hemings, mtumwa wa rais wa tatu wa Marekani, Thomas Jefferson. Robo tatu ya nasaba yake ilikuwa ya kizungu, na watoto wake wanne waliofikia utu uzima walikuwa weupe zaidi yake. Wawili wa kwanza, Beverly na Harriet, waliondoka shambani Monticello na kuishi kama wazungu. Mdogo wao Madison alibaki upande wa weusi, na mwaka 1873 alisimulia maisha yake katika gazeti moja la Ohio. Akasema kwamba, kwa kadiri anavyojua, hakuna aliyewahi kumgundua Harriet. Wa mwisho, Eston, aliishi Ohio kama mweusi kwa miaka kadhaa, kisha akahamia Wisconsin, akachukua jina la Jefferson na kuvuka na familia yake yote. Mwanawe, John Wayles Jefferson, alikuwa kanali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vitani akakutana na mtu wa Chillicothe, mji alikokulia, aliyemfahamu tangu utotoni. Kanali akamsihi asimwambie mtu.

Kisa hicho kinaonyesha adui wa mtu aliyevuka alikuwa nani. Ngozi ya kanali haikumsaliti, wala lafudhi, wala jina. Aliyeweza kumwangusha ni mtu aliyewajua wazazi wake.

Baada ya utumwa kukoma mwaka 1865, njia hii ya nasaba ilizidi kukazwa. Louisiana ndiko ilikouma zaidi, maana huko palikuwa na tabaka la weusi huru, wengi wao machotara waliozungumza Kifaransa, wenye nyumba, wenye biashara, na baadhi yao (hili halipendezi kulisema lakini ni kweli) wenye watumwa wao. Walizoea kuwa tabaka la katikati. Sheria mpya za utengano zikawaambia kwamba katikati hapapo tena. Mwaka 1892 kamati ya raia wa New Orleans iliamua kulipinga hilo mahakamani. Wakamchagua Homer Plessy, fundi viatu ambaye sehemu saba kati ya nane za nasaba yake zilikuwa za kizungu, apande behewa la wazungu na kukataa kushuka. Mpango huo ulikuwa na tatizo la ajabu: hakuna ambaye angemtambua. Ilibidi kila kitu kipangwe mapema, na Plessy aseme kwa kinywa chake kwamba yeye ni mtu mweusi, ndipo akamatwe. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa kura saba dhidi ya moja, na utengano ukawa halali nchi nzima kwa zaidi ya nusu karne.

Katika karne ya 20 makarani waliingia kazini. Mwaka 1924 Virginia ilipitisha sheria iliyomtambua mzungu kuwa ni mtu asiye na chembe ya damu nyingine, isipokuwa kiasi kidogo cha damu ya Wahindi Wekundu, upenyo ulioachwa kwa sababu koo kubwa za jimbo hilo zilijivunia kutokana na Pocahontas, binti wa chifu wa Wahindi Wekundu. Mwaka 1930 makarani wa sensa ya taifa waliagizwa kwamba mwenye damu ya kizungu na ya kiafrika aandikwe mweusi, hata kama sehemu ya kiafrika ni ndogo namna gani. Safu ya machotara, ambayo ilikuwa imeingia sensa tangu mwaka 1850 na kuonekana katika sensa nyingi zilizofuata, ikafutwa. Kule New Orleans, kuanzia mwaka 1949 hadi 1965, ofisi ya kusajili vizazi na vifo ilisimamiwa na mwanamke aitwaye Naomi Drake. Makarani wake walipitia matangazo ya vifo magazetini. Waliangalia marehemu anazikwa na kampuni ya maziko ya wazungu au ya weusi, makaburi gani, na ni akina nani waliotajwa kuwa jamaa zake. Walikuwa na orodha ya majina ya koo za kutiliwa shaka. Mtu aliyekuja kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa akiwa na jina la aina hiyo angeweza kuzungushwa hata akakata tamaa.

Tangazo la kifo cha shangazi yako ndilo ushahidi dhidi yako. Hili ndilo nililotaka tulifikie. Chini ya kipimo cha nasaba, asili ya mtu haikuwa mwilini mwake. Ilikuwa kwa jamaa zake. Wao ndio waliokuwa na picha, wao ndio waliofanana naye, wao ndio waliojua jina la bibi. Kwa hiyo aliyetaka kuikimbia asili hiyo hakuwa na njia ila kuwakimbia watu. Hata ndugu anayempenda na asiyetaka kumdhuru alikuwa hatari kwa kuwepo tu. Ndugu kuja kukusalimia mlangoni kungeweza kukuvunjia ndoa.

Mwaka 1925 taifa zima lilisoma kesi ya namna hiyo magazetini. Leonard Kip Rhinelander, kijana wa familia tajiri ya New York, alimwoa Alice Jones, binti wa dereva wa teksi. Familia yake ilipokuja juu, akafungua kesi ndoa ifutwe kwa madai kwamba mkewe alimficha kuwa ana damu nyeusi. Wakili wa Alice hakujaribu kuthibitisha kwamba yeye ni mzungu. Alijenga hoja kwamba mume hakuweza kukosa kujua. Alijua dada yake Alice ameolewa na mwanamume mweusi. Alikuwa akiingia nyumbani kwao. Kisha, mbele ya baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume na wote wazungu, Alice aliingizwa katika chumba cha faragha, akalia, akavua nguo za juu na kupandisha za chini ili wazee wale waitazame ngozi ya mgongo, ya kifua na ya miguu. Wakakubali kwamba mume alijua. Alishinda kesi kwa kudhalilishwa namna ile. Katika ukumbi ule ule vipimo vyote viwili vilitumika kwa pamoja: dada alitumika kupima nasaba, na ngozi ikatumika kupima macho ya mume.

Turudi kwa Stella. Alianza kuvuka kwa ajili ya mshahara. Katika riwaya anaomba kazi ya ukarani katika duka kubwa la Maison Blanche, New Orleans, na wanampa kwa kudhani ni mzungu. Wamarekani wengi walivuka kwa njia hiyo hiyo: asubuhi mzungu kazini, jioni mweusi nyumbani. Watu weusi wa mtaani walijua na wakanyamaza, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba tumbo halina rangi. Uvukaji wa mchana tu haukuhitaji kumkana mtu. Kilichombadilisha Stella ni ndoa, kwa sababu ndoa hailali nje. Tangu anapokubali kuondoka na Blake, kila mtu wa Mallard anageuka kuwa tishio, na wa kwanza wao ni Desiree, ambaye hatari yake ni uso wake.

Mwanahistoria Allyson Hobbs, aliyetafiti uvukaji huu, amesimulia kisa cha familia yake mwenyewe. Jamaa yake mmoja wa Chicago, mweupe sana, alipelekwa California na mama yake mzazi ili aishi kama mzungu. Hakutaka kwenda, mama ndiye aliyemsukuma. Miaka ikapita, akaolewa na mzungu, akazaa. Siku moja mama akapiga simu: baba yako yuko kufani, njoo. Yule binti akajibu kwamba hawezi. Sasa yeye ni mzungu, na hakuna njia ya kurudi. Nikifikiria maumivu ya Adele, mama wa pacha katika riwaya, huwa namkumbuka mama huyo wa kweli aliyeifunga njia kwa mkono wake, halafu akaihitaji.

Mwanaume pia alivuka. Anatole Broyard, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1920 katika familia ya machotara, alikuwa mhakiki wa vitabu mwenye jina katika gazeti la New York Times. Watoto wake walikua wakijua wao ni wazungu. Dada yake Shirley aliishi kama mweusi katika jiji hilohilo la New York, akiwa ameolewa na Franklin Williams, mwanasheria wa haki za weusi aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana. Watoto wa Broyard waliambiwa ukweli wiki chache tu kabla ya baba yao kufariki mwaka 1990, na aliyewaambia alikuwa mama yao. Baba hakuweza.

Hadi hapa nimezungumzia sheria. Njia ya pili ni ngumu zaidi kwangu kuieleza kwa sababu haina tarehe ya kupitishwa wala ya kufutwa, na kwa sababu inauma kutoka ndani. Ilizaliwa mahali palepale, shambani. Mtoto wa bwana, akiwa mtumwa bado, mara nyingine alipewa kazi za ndani badala ya shamba, alifundishwa ufundi, na alikuwa na nafasi kubwa kidogo ya kuachwa huru. Weupe wa ngozi ukaanza kuambatana na ada za shule, viwanja na bima ya maziko. Mwaka 1790 huko Charleston, South Carolina, machotara huru walianzisha chama cha kusaidiana, kilichoitwa Brown Fellowship Society. Kilisaidia wajane, kilisomesha yatima na kilikuwa na makaburi yake. Wenye ngozi nyeusi zaidi hawakukaribishwa, wakaja kuanzisha chama chao na makaburi yao. Baadaye, watu wa kizazi cha wazee wa leo walisimulia juu ya makanisa na klabu ambako mfuko wa karatasi wa kahawia ulitumika kama kipimo: ukiwa mweusi kuliko mfuko, huingii. Magazeti ya watu weusi, hayohayo yaliyopigania haki zao ukurasa wa mbele, yalibeba matangazo ya krimu za kuchubua ngozi kurasa za ndani.

Mallard ni mji uliojengwa juu ya njia hiyo ya pili. Kinachonivutia kwa Bennett ni kwamba hakuuacha mji huo ujione umefaulu. Baba wa pacha, Leon Vignes, ni mweupe kama mzungu yeyote, na wazungu wanamuua. Wanamburuta kutoka nyumbani kwake kwa madai kwamba ameandika barua chafu kwa mwanamke wa kizungu, ilhali Leon hajui kusoma wala kuandika. Anaponusurika, wanamfuata hospitalini na kummaliza. Watoto wake wameshuhudia wakiwa wamejificha ndani ya kabati, wakichungulia kupitia ufa. Kwa wauaji, weupe wa Leon haukuwa na uzito wowote. Waliijua nasaba yake. Weupe ambao mji wa Mallard ulikuwa umeutunza kwa vizazi kadhaa haukumfaa siku aliyouhitaji. Naamini kila pacha alitoka na somo lake kabatini. Desiree akaolewa na mwanamume mweusi kuliko wote aliowajua. Stella akaona kwamba kuwa mweupe hakutoshi, ni lazima uwe mzungu.

Na Jude? Jude anafika mji huo akiwa mtoto na anabaki hadi anapomaliza shule bila rafiki. Watoto wenzake wanamwita majina ya lami. Hapa ndipo wasomaji wengine husema, lakini wote ni weusi, wanabaguana kwa nini? Swali linatokana na kuvichanganya vile vipimo viwili. Kwa kipimo cha nasaba, Jude na wale watoto wanaomzomea wako kapu moja: basi moja, shule moja, behewa moja. Ndiyo maana kipimo cha pili kina nguvu kiasi hicho kati yao. Mtu aliyenyimwa kila daraja na serikali akabakiwa na daraja moja tu la kumpita mwenzake, atalishikilia hata likimchoma mkono. Sisemi hivyo kuwatetea. Mtoto anayetemewa mate hajali historia ya anayemtemea.

Kuna ushahidi wa kisayansi wa jinsi mambo haya yanavyomwingia mtoto mapema. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, mume na mke wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, weusi wote wawili, waliwapa watoto weusi 253 wa miaka mitatu hadi saba wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi. Walipowauliza wangependa kucheza na yupi, theluthi mbili walimchagua mzungu. Watu wengi wanalijua jaribio hilo kwa sababu lilitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku utengano mashuleni. Sehemu isiyosemwa sana ni ile ya pili: watoto walipewa mchoro wa mtoto na kalamu za rangi, wakaambiwa wampake rangi yao wenyewe. Baadhi yao walijipaka rangi nyeupe kuliko walivyokuwa. Pacha wa riwaya wanatoroka mwaka huohuo wa 1954. Bennett halipigii kelele hilo, lakini sidhani kama ni bahati nasibu.

Sura za Brentwood ndizo ninazozisoma tena na tena. Familia ya weusi matajiri inataka kununua nyumba katika mtaa wa Stella. Wenye nyumba wanakutana kujadili, na anayesimama kusema lazima wazuiwe ni Stella, mwanamke ambaye kwa kawaida hasemi mikutanoni. Mumewe anashangaa, na majirani wanadhani wamemjua ni mtu wa msimamo gani. Msomaji anayeshikilia ile hoja ya jamaa anaona jambo jingine: Stella anaogopa macho. Anaamini wazungu hawawezi kumtambua na weusi wanaweza, kwa kuwa weusi wamekulia na shangazi na wajomba wa rangi yake. Familia hiyo inahamia, na kabla ya mwaka kuisha Stella anavuka barabara kwa siri kwenda kunywa kahawa na Loretta Walker, jirani mweusi. Ni mpweke. Miaka yote hajaongea na mtu anayecheka kama watu wa nyumbani kwao. Halafu anamsaliti. Sijui katika riwaya za miaka ya karibuni mahali panapoonyesha hofu na hamu zikikaa moyo mmoja kwa uchungu zaidi ya hapo.

Kitabu kina udhaifu wake. Jude, akiwa mwanafunzi Los Angeles, anafanya kazi ya kuhudumia wageni katika sherehe ya matajiri. Anainua macho na kumwona mwanamke mwenye uso wa mama yake, na chupa ya mvinyo mwekundu inamponyoka na kumwagika kwenye zulia. Katika jiji lenye mamilioni ya watu, hiyo ni sadfa ya kupindukia, na nusu ya pili ya hadithi inaitegemea. Hata hivyo ndani ya sadfa hiyo kuna jambo la maana ambalo wakosoaji hulipita. Jude ndiye mtu hatari kuliko wote kwa Stella, na ndiye pekee ambaye hakuna mtu atakayemshuku. Nani angewaza kwamba msichana yule mweusi tii mwenye trei ya glasi ni mtoto wa ndugu wa tumbo moja na mke wa tajiri? Ngozi iliyomnyima rafiki Mallard ndiyo inayouficha undugu wake Los Angeles. Anaweza kukaa karibu kabisa na Kennedy, wakafanya kazi jengo moja, bila hata mmoja kuuliza wanahusianaje.

Sheria zenyewe zilikufa polepole. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilifuta sheria za kuzuia ndoa za wazungu na weusi katika majimbo 16 yaliyokuwa bado nazo. Louisiana, ajabu, mwaka 1970 ilitunga kipimo kipya: anayezidi sehemu moja kati ya 32 ya damu nyeusi ni mweusi. Susie Guillory Phipps, mwanamke aliyeishi akijijua ni mzungu, alikwenda kuomba pasipoti mwaka 1977, akakuta cheti chake cha kuzaliwa kinawataja wazazi wake kuwa weusi. Akaishtaki serikali. Wanasheria wa jimbo walimchimbulia bibi wa karne ya 18, mtumwa aliyeitwa Margarita, na wakaleta maelezo ya baadhi ya jamaa za Phipps waliosema wao wanajijua ni weusi. Jamaa tena. Alishindwa, na rufaa zake zikashindwa pia, ingawa jimbo liliifuta sheria yenyewe mwaka 1983. Tangu sensa ya mwaka 2000 Mmarekani anaruhusiwa kuweka alama kwenye asili zaidi ya moja.

Kipimo cha ngozi hakikufutwa na yeyote, kwa sababu hakikuandikwa popote. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchunguzi wa hukumu za zaidi ya wanawake weusi 12,000 waliofungwa North Carolina kati ya mwaka 1995 na 2009. Wale walioandikwa na magereza kuwa na ngozi nyeupe walikuwa wamepewa vifungo vifupi kwa takriban asilimia 12 kuliko wenzao weusi zaidi, hata baada ya kuzingatia makosa yao. Kwa nasaba, wanawake wote hao ni weusi.

Ndiyo maana naona Bennett alifanya vyema kuwapa mabinti nusu ya kitabu. Kennedy anapoambiwa ukweli kuhusu mama yake, hakuna kinachombadilikia siku ya pili yake. Kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1924 angekuwa mweusi. Katika Marekani anayoishi yeye, miaka ya 1980, hakuna karani anayemsubiri, na anaweza kuichukua habari hiyo, kuiacha, kuirudia akitaka. Jude anaingia chuo cha udaktari. Hakuna habari yoyote ya nasaba atakayoambiwa itakayobadili kile mgonjwa anachokiona daktari akifungua mlango.